Swali la Saba la Shangazi

Ijumaa hii, tarehe thelathini, saa tisa na nusu alasiri, Shangazi atafunga mlango wa chumba namba kumi na nne baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, na hatimaye sisi wengine tutajua ufunguo wa kabati huwa unafichwa wapi. Cheo chake rasmi ni Karani wa Madodoso, Kitengo cha Utafiti wa Utoto. Jina la Shangazi alipewa na watoto. Limemganda kiasi kwamba hata barua ya utumishi ya kumjulisha tarehe ya kustaafu ilianza na "Shangazi mpendwa", mpaka mtu akaja kuisahihisha kwa kalamu.

Kitengo chetu kinataka kujua utoto unavyobadilika miaka inavyokwenda. Kwa hiyo kila mwaka Shangazi alijitwika begi lake la turubai, akaenda shule zilezile sita, akakaa kwenye kiti cha mtoto na magoti yakiwa usawa wa kidevu, akawauliza watoto wa miaka kumi maswali kumi na mawili. Maprofesa walibaki ofisini wakifikiri. Mgawanyo huo wa kazi ulimfaa kila mtu, maana viti vya shule havina migongo, na maprofesa wanayo, tena mibovu.

Sifa zake ni nyingi na nyingine haziandikiki. Aliwahi kumaliza maswali yote kumi na mawili huku amemshikia mtoto jino lililong'oka kwenye swali la tatu. Aliwahi kukimbizwa na bata mzinga wa mwalimu mkuu kuzunguka bendera mara mbili, na kwenye ripoti ya safari akaandika "ucheleweshaji mdogo". Alipopewa kompyuta ya kazi, aliitumia miaka mitatu kuzuia karatasi zisipeperuke, akaisifu kwa uzito wake. Wazee waliokuja ofisini kulalamika kwamba watoto wa siku hizi wameharibika aliwafungulia faili la maoni ya walimu. Humo mwalimu mmoja aliandika, zamani hizo, kwamba darasa lake limeshindikana. Na mmoja wa watoto wa darasa hilohilo, ambaye leo naye ni mwalimu, ameandika vilevile kuhusu darasa lake.

Sasa tuje kwenye lile jambo, maana tukiliruka mtasema tunamwogopa Mkuu wa Kitengo. Tunamwogopa, lakini tutalisema.

Swali la saba la dodoso limechapwa hivi: "Nani anakutunza?" Chini yake kuna kisanduku cha kuandika neno moja au mawili. Majibu yalikuja ofisini, na mwandishi wa wasifu huu, ambaye ni karani wa takwimu, akayaingiza kwenye kompyuta bila kuuliza, kama alivyoajiriwa. Miaka ya mwanzo watoto walijibu kwamba wanatunzwa na wadogo zao, na babu wasioona, na kuku. Mkuu wetu hakubabaika. Alitunga Nadharia ya Malezi ya Kinyume, kitabu kizima, na humo kuku alipewa kurasa nne na tanbihi. Miaka ya karibuni jibu lililotia fora lilikuwa "Hakuna". Mkuu alipanda jukwaani kwenye mkutano mkubwa, akatangaza kwamba tumezaa kizazi kisicho na wa kukitunza, akafuta macho. Ukumbi mzima ulisimama kumpigia makofi.

Mwezi wa tatu mwaka huu mwandishi alitumwa afuatane na Shangazi ili arithi kazi. Ilikuwa mara ya kwanza kwa mtu wa ofisini kumsikia akiuliza. Walifika swali la saba, na Shangazi, dodoso likiwa limefunikwa mapajani, akamwambia mtoto: "Haya mwanangu, wewe unamtunza nani?" Mwandishi nusura ameze kifuniko cha kalamu.

Shangazi alitoa maelezo njiani, bila hata kupunguza mwendo. Siku yake ya kwanza kazini, mtoto wa kwanza kabisa alikuwa msichana aliyekuja shule na mdogo wake mgongoni. Shangazi akamsomea swali kama lilivyochapwa. Msichana akamwangalia kama anayemwangalia mgonjwa, akamrekebisha mtoto mgongoni, akasubiri swali jingine. Shangazi akaona aibu, akaligeuza swali, na jibu likaja mara moja. Na kwa kuwa kanuni namba moja ya kitengo inasema swali lisibadilishwe mwaka hadi mwaka, hakulibadilisha tena. Katika jengo hili lote ni yeye peke yake aliyewahi kuitii kanuni hiyo.

Mkuu alipoambiwa, alikaa. Kisha akasimama, kisha akakaa tena. Kesho yake ilitoka barua: madodoso yote yapelekwe kwenye mashine ya kuchana karatasi, kwa kuwa ni miaka thelathini na minne "isiyo na thamani yoyote ya kitaaluma". Shangazi aliisoma mara mbili, akaikunja, akaiweka kwenye begi la turubai. Chai yake ilipoa mezani bila kuguswa, jambo ambalo halijawahi kutokea. Maisha yake yote ya kazi yalikuwa yanasubiri zamu kwenye mashine, na sisi tuliokaa naye chumba kimoja tuliumia sana.

Kamati ya kitengo, Mkuu akiwemo, ilimpa dakika kumi za kujieleza. Alikuja na madaftari thelathini na manne, yaleyale ambayo mwandishi alikuwa akiyawekea miguu chini ya meza. Kumbe kisanduku cha dodoso kilikuwa hakimtoshi, kwa hiyo maneno yote ya watoto aliyaandika huko. Akaanza kusoma.

Mwaka wa kwanza: "Mdogo wangu. Nikimweka chini anakula mchanga." Mwaka wa kumi na mmoja: "Mama. Namfungulia mlango akirudi kazini, namvua viatu." Mwaka wa ishirini na tatu: "Mche wa nyanya. Vitu vingine wanasema nitaharibu." Mwaka jana: "Hakuna. Nikishika kitu naambiwa niache, nikacheze."

Alisema zamani mtoto alikuwa na kazi ndani ya nyumba, na siku hizi mtoto mwenyewe ndiye kazi. Alikataa kusema lipi ni bora. Yule msichana wa kwanza, alisema, alikuwa akisinzia darasani kila siku. Na huyu wa mwaka jana alimwomba amwachie begi la turubai alishike, walau mpaka getini.

Kisha akafungua daftari la mwaka juzi: "Baba. Analala juu ya makaratasi, namvua miwani ile ya uzi mwekundu." Miwani yenye mkono uliofungwa uzi mwekundu iko moja tu katika kitengo hiki, na mwenye nayo ndiye anayeandika wasifu huu. Jibu hilo la binti yake aliliingiza kwa mkono wake mwenyewe, "Baba", akatembea wiki nzima kifua mbele akijiona mlezi wa mfano. Safari hii alitoka kidogo koridoni. Alisema ni vumbi la madaftari.

Dakika kumi ziligeuka arobaini na hakuna aliyetazama saa. Mkuu aliomba daftari la mwaka wa kwanza, akalisoma mpaka mwisho, akaivuta nakala ya ile barua yake kutoka kwenye faili na kuichana kwa mkono. Kitabu chake kinaandikwa upya, na kuku amerudishwa bandani. Kuanzia mwakani swali la saba litachapwa kama Shangazi alivyolizoea.

Kwa hiyo swali la zamani limeulizwa mara moja tu, kwa msichana asiyelijibu. Shangazi aliyewauliza watoto elfu kumi na moja hajawahi kuulizwa yeye, na wote tunajua anarudi kwenye nyumba ya mtu mmoja. Tumebakiza dodoso moja la toleo la zamani. Liko kwenye meza ya mlangoni, kalamu imefungwa kwa kamba kwa sababu tunafahamiana. Juu tumeandika jina lake. Tumevuka maswali sita, tukafika pale: "Nani anakutunza?"

Asante kwa yote, Shangazi, na siku zako zote ziwe na chai ya moto. Kisanduku ni kidogo, kwa hiyo wenzangu, andikeni majina yenu kwa herufi ndogo. La kwanza limeshaandikwa na binti wa miwani.