Konokono wa Sura ya Tisa

Benchi letu liko nje ya duka la donati hapa Dayton, Ohio. Ni la jiwe, na baridi yake itakutia adabu hata ukivaa suruali mbili. Asubuhi ile tulikuwa watatu: mimi; Breki, fundi mstaafu wa mabasi; na Seneta, ambaye hajawahi kuchaguliwa hata kuwa monita. Akaja Verlene, msaidizi wa wauguzi, miaka hamsini na miwili, kitabu kama tofali kwapani. Shahada yake ya uuguzi ilibakiza somo moja, lile la lazima kwa kila mwanafunzi: jiolojia, yaani mawe. Na asubuhi hiyo hiyo baraza la chuo lilikuwa likipiga kura kulifuta.

— Wasipolifuta, mtihani Ijumaa, — alisema Verlene. — Nikianguka, mwaka mwingine mzima!

— Dada, wagonjwa wako wana mawe? — aliuliza Breki.

— Ya figo, wapo.

— Basi umeshafaulu!

— Elimu ni bahari, — nikachangia.

— Ndiyo maana watu wanazama! — alidakia Seneta. — Mimi ningefuta yote. Historia, ushairi, mawe. Muuguzi afundishwe sindano tu.

— Mimi nilifundishwa breki tu, — alisema Breki. — Basi langu la kwanza lilisimama vizuri sana. Ndani ya saluni.

— Nyie hamjui siri, — alinong'ona Seneta. — Wanaandaa wauguzi wa kwenda mwezini. Kule kuna nini? Mawe!

— Mwenda pole hajikwai, — alisema Breki kwa uchungu, kama vile inahusu.

Simu ya Verlene ikalia. Akasoma, akaruka juu.

— Wamelifuta! Mei nahitimu!

Tulishangilia mpaka kahawa ikamwagika. Verlene akakitupa kitabu kwenye pipa, puu! Seneta akampigia marehemu saluti.

Kumbe mpeleka barua mpya wa mtaa amesimama, anachungulia benchi katikati ya magoti ya Breki.

— Samahani, wazee. Hawa konokono wameingiaje ndani ya jiwe?

Tukainama. Kweli, konokono, nao wamegeuka jiwe! Miaka kumi na mmoja tumewakalia. Breki akakuna kichwa. Wote tukamgeukia Verlene.

— Sura ya tisa, — alisema taratibu. — Tulikuwa tuifikie Alhamisi.

Kisha akaliendea pipa, akazamisha mkono hadi kiwiko, akakifuta kitabu sukari kwa koti la Breki.

— Sogeeni huko. Na wewe wa barua, kaa.

Siku ile mtaa mzima ulipata barua zake jioni.