Mama Mundhir Hakunywa Kahawa ya Wamarekani

Finjani ilirudi imejaa. Hicho ndicho alichokiona Sundus kwanza. Alikuwa amemsindikiza bibi yake mjini, kwenye ofisi ya Wamarekani, akaketi karibu na mlango, maana Sundus ni mtu wa kuketi karibu na mlango. Mhudumu akapita na sinia. Finjani nyingine zote zilikuwa tupu. Ya bibi ilikuwa imejaa hadi ukingoni, na kahawa imeshapoa.

Wasikilizaji wapendwa, karibuni tuketi pamoja. Bibi huyo ni Rasmia, mjane wa Mzee Khalaf, ambaye sote tulimwita Mama Mundhir, wa kijiji cha Khirbet Loza. Ametutoka Jumatatu. Ametutoka Jumatatu, na amezikwa upande huu wa lango. Nasema tena: upande huu. Mnaoishi katika milima hii mmeshanielewa. Wengine mtanielewa sasa hivi.

Mama Mundhir alizaliwa katika pango lililokuwa nyumba ya baba yake, msimu wa kondoo kuzaa. Aliolewa na Khalaf, mtu mrefu, mpole, aliyepanda milozi kwenye mteremko wa pili wa bonde. Khalaf alifariki mwaka wa theluji kubwa, akazikwa chini ya milozi ile, kwenye makaburi ya kijiji. Kila Alhamisi mkewe alivuka bonde na mkate wa moto, akamsomea Fatiha, akamweleza habari za kondoo.

Kisha walowezi wa Kiisraeli wakajenga juu ya kilima. Ikaja barabara yao. Likaja lango la chuma, na askari wa kulilinda. Tangu hapo hakuvuka tena. Milozi ilipochanua aliiona kwa mbali, nyeupe. Kaburi hakuliona.

Ombi lake lilikuwa moja tu, wasikilizaji. Njia ifunguliwe, ili siku yake ikifika azikwe kando ya mumewe.

Wamarekani walikuja kijijini mara nyingi. Walileta tangi la maji. Walileta bembea za watoto. Walileta semina ya amani, yenye biskuti. Mama Mundhir alishukuru kwa yote, hata biskuti. Kisha akafunga safari kwenda kwao kuomba.

Na aliomba kama tunavyoomba sisi. Mwenye haja anapopewa kahawa haigusi. Anaiweka mbele yake. Mwenye nyumba akiona, humwambia, "Kunywa, haja yako tumeipokea." Hapo ndipo hunywa. Asipojibiwa, huondoka na kiu yake.

Mkalimani wa ofisi, Bwana Wajdi, ni mtu wa kwetu. Alijua. Akamnong'oneza, "Mama Mundhir, nakuomba, kunywa tu. Wageni wengine wanangoja."

"Wewe fasiri maneno, mwanangu. Finjani niachie mimi."

"Utanifukuzisha kazi!"

"Kwani nimesema nini? Nimeketi tu."

Wajdi akafasiri maneno tu, finjani hakuieleza. Wenye ofisi wakadhani bibi ana sukari. Safari iliyofuata wakampa chai ya majani, bila sukari. Safari nyingine maji ya machungwa, na mrija. Sundus akauma ukingo wa shungi lake asicheke, na bibi akamfinya paja. Kila mara walimwambia vizuri, "Tumekusikia, mama. Tutalifuatilia." Kila mara alirudi nyumbani na lango likawa palepale.

Mwaka mmoja akaja ofisa mpya, mwanamke, jina lake Lorna Whitcomb. Huyo alimfuata Sundus mlangoni. Akamuuliza kupitia kwa Wajdi, "Bibi yako hapendi kahawa yetu?"

Sundus akatazama viatu vyake. Aliacha shule darasa la tano, njia ya shule ilipokuwa ya hatari, na mbele ya wasomi ulimi wake huwa mzito. Akasema, "Anaipenda. Anangoja."

"Anangoja nini?"

"Anawangoja nyinyi."

Lorna akarudi, akaketi mbele ya Mama Mundhir, akaweka kalamu chini. Mama Mundhir akamwambia maneno ambayo Sundus anayakumbuka yote. "Binti yangu, sikiliza. Mtu akimpa jirani yangu fimbo kila mwaka, kisha akaniletea mimi dawa ya kidonda, mimi nimwambie nini? Dawa nzuri, ahsante. Lakini mwambie jirani aiweke fimbo chini. Wewe anakusikiliza. Mimi hanisikilizi. Na wale vijana wa langoni wana mama zao, hawalali wakiwawaza. Nani kawatuma kuilinda milozi ya Khalaf dhidi ya mke wa Khalaf?"

Lorna akauliza kwa wakubwa wake. Mama Mundhir aliporudi, kahawa aliileta Lorna mwenyewe. Akasema, "Mama Mundhir, usinywe."

Wajdi akageuka. "Hilo silifasiri."

"Fasiri," akasema Lorna. "Nimeuliza kwetu. Wamekataa kuwaomba Waisraeli jambo hili. Sitaki kukudanganya."

Mama Mundhir akamshika mkono. "Wewe ndiye Mmarekani wa kwanza kuninyima. Wenzako wote walinikubalia kwa meno, si kwa moyo."

Hakwenda tena. Mundhir, mwanawe, yuko Kuwait. Majirani wengi walihamia mjini Yatta. Wakabaki wawili, bibi na mjukuu, na kondoo wachache. Jioni bibi aliketi akitazama bonde, akimwambia Sundus, "Babu yako kachoka kungoja. Atasema nimeolewa kwingine."

Jumatatu watu walibeba jeneza hadi langoni. Askari wa zamu alikuwa kijana. Akapiga simu kwa wakubwa, akaambiwa asubiri. Watu wakasimama juani. Simu haikulia. Imamu akasema, "Maiti haicheleweshwi." Wakageuka, wakamzika kwenye kiunga cha jirani, upande huu. Yule askari akatazama chini, akasema kwa Kiarabu cha kuokoteza, "Mungu amrehemu."

Tumempigia simu Lorna, kwao Amerika. Alituambia hivi: "Miaka yote tuliuliza watu wale wanahitaji nini. Hatukuuliza sisi tunafanya nini. Nilisema hayo mbele ya wakubwa. Walinishukuru, wakanihamishia kwenye kazi za nchi nyingine. Siku hizi nayasema popote wanaponiruhusu kusimama. Watu huwa wachache."

Wasikilizaji wapendwa, tunampa pole Mundhir huko ugenini, na ukoo wote wa Mzee Khalaf. Tunampa pole Sundus, aliyebaki na nyumba kimya. Na yeyote mwenye nguvu anayetusikia, hapa au ng'ambo, akae na swali la mama huyu. Ukimpenda rafiki yako, humwambii kitu anapokosea? Na unayempelekea msaada, umewahi kumwacha amalize kusema?

Sundus yuko hapa, nje ya chumba hiki, kwenye benchi. Nimemwomba aingie, amekataa. Amesema, "Nina neno kwa bibi, liseme wewe. Mimi sauti haitatoka. Ila liseme lote, usilipunguze." Hakuwahi kumwambia mtu. Nalisema kama alivyonipa.

"Bibi, nilikuombea njia ifunguke, kila siku, na wewe ukaitikia amina. Lakini Jumatatu pale langoni, yule askari alipokuwa anangoja simu, moyoni niliomba isilie. Kule nisingekufikia. Huku naweza kuja."