Mzee Alimasi na Singa wa Kizuka

Leo, tarehe 30 Juni 1913, Mzee Alimasi bin Mbaraka anaweka chini ndoana za kituo cha samaki cha Rumonge, baada ya kutumika miaka kumi na mmoja. Bwana mtaalamu wa samaki, Mzungu aliyemwajiri, hayupo kumuaga. Alipanda meli juzi pamoja na ramani yake, akatuachia sisi wa kituoni heshima ya kushukuru.

Mzee aliajiriwa kumtafutia Bwana singa, yule kambare mwenye ndevu anayelala chini kabisa ziwani, kwenye mashimo ya mawe, na kupapasa matope akitafuta kaa na konokono. Asubuhi ya kwanza Mzee alieleza kuwa chini ya pima sitini hakuna kinachoishi. Bwana alishukuru kwa adabu, akaagiza kamba ya pima mia mbili, na baada ya miaka miwili tu ya kuvuta chambo kisichoguswa, akagundua kuwa chini ya pima sitini hakuna kinachoishi. Ugunduzi huo una jina lake.

Kila singa alipovuliwa, Bwana alimpima ndevu, na ramani ikatiwa nukta nyekundu. Nukta hizo zinakoma ghafla, kaskazini na kusini ya kituo, kwa umbali uleule. Bwana aliandika kurasa tisa juu ya baridi ya maji. Hakuuliza mtu. Mzee hakosi swala ya adhuhuri msikitini hapa, na nukta zinakoma pale ambapo mtumbwi unaweza kugeuka na kuiwahi.

Aziza, mwuza samaki, alimtania sokoni kuwa samaki wa kupimwa ndevu hashibishi nyumba. Mzee akamuuliza kama yeye hakumpima mumewe ndevu kabla ya kumkubali.

Katikati ya nukta, mbele ya pwani ya Kizuka, palibaki peupe. Hapo ndipo mdogo wangu Swedi, mpiga kasia wa Mzee, alipozama mwaka 1908, na ziwa halikumrudisha. Mahali kama hapo kwetu hapashushwi ndoana ya samaki wa chini.

Mwezi uliopita Bwana alisema hatatoa cheti cha utumishi mpaka peupe pale pajazwe. Bila cheti, Mzee angeitwa tena kubeba mizigo ya safari, kwa magoti yale yanayomuuma. Akaenda siku tatu, akarudi na kikapu kitupu. Kamba ilikuwa kavu. Mimi karani niliishika kwa mkono wangu, kisha nikaandika kitabuni: mbele ya Kizuka hakuna singa. Bwana alifurahi sana, akatia sahihi cheti, akaongeza kurasa nne za sababu. Singa wa Kizuka hawajaarifiwa.

Kasia la Swedi bado limo mtumbwini. Ni fupi, alilivunja mwenyewe kwenye mwamba, akamsingizia mamba, na Mzee akakubali kuwa ni mamba.

Mzee wetu, asante. Magoti yapumzike, na adhuhuri ikukute kila siku umekwisha kufika.