Mtunza Pampu Aliyebaki Ihanga

Tarehe 30 Juni 1958, Bwana Hezekia Nyagawa, mtunza pampu ya maji ya mji wa Njombe, anastaafu baada ya miaka ishirini na minne kazini. Sisi tunaokaa Mtaa wa Pampu sote tulimkuta hapa, na yeye alituona tukija mmoja mmoja.

Alipoajiriwa mwaka 1934 mtaa huu haukuwapo. Palikuwa na kitongoji cha Ihanga: nyumba sita za Wabena wa ukoo mmoja kando ya kijito, na mashamba yao ya ulezi na njegere. Hezekia alizaliwa humo. Injini ilipofungwa kijitoni, yeye ndiye aliyechaguliwa kujifunza kuiendesha, kwa kuwa alikuwa amesoma kidogo katika shule ya misheni ya Kidugala na hakuogopa kelele zake.

Miaka minne baadaye ikatoka amri kwamba watu na ng'ombe wasikae upande wa juu wa maji yanayonywewa na mji. Watu wa Ihanga wakahamishiwa upande wa Makambako. Mtunza pampu peke yake aliruhusiwa kubaki, katika nyumba ndogo ya serikali. Mkewe, Tabea, alikwenda na watoto kumsaidia mama yake mgonjwa kuhama, akikusudia kurudi baada ya mavuno. Mama hakupona upesi, watoto wakaanza shule hukohuko, na mavuno mengi yakapita. Hezekia akawa mume wa likizo.

Asubuhi za sakitu, nyasi zikiwa nyeupe kwa baridi, aliingia bandani na kuiamkia injini "Kamwene", kama Wabena wanavyoamkiana, kisha akaipa habari za jana. Siku moja mkaguzi mgeni alisimama nje akisikiliza, halafu akadai aonyeshwe mfanyakazi wa pili ni nani na analipwa na nani. Tumekicheka kisa hiki miaka mingi, naye hucheka pamoja nasi.

Injini ilipokufa mwaka mmoja, na spea zikachelewa Dar es Salaam, aliwaongoza vibarua kupandisha maji kwa madebe hadi hospitali. Hakuna mgonjwa aliyekosa maji.

Mwaka 1947 pampu ilihamishiwa juu zaidi kijitoni, kupita Ihanga, na amri ile ikafutwa. Hezekia aliomba ruhusa siku hiyohiyo, akapanda lori la mbao hadi Makambako kumpasha kaka yake, Mika, kwamba Ihanga iko wazi na watu warudi. Mika alimkaribisha, akampa chakula, akamwacha aseme mpaka mwisho. Kisha akamwambia, "Mdogo wangu, huku tumekwisha kuzika."

Mama mkwe wa Hezekia alikuwa amezikwa huko, na mtoto wa Mika pia. Hezekia akaaga. Tabea alimsindikiza hadi barabarani, wala hakusema atarudi lini.

Baadaye viwanja vya Ihanga vikapimwa. Akaja karani, akaja fundi cherehani, akaja dereva na mwenye duka, na nyumba za bati zikapanda mlimani. Tulipaita Mtaa wa Pampu kwa kuwa hatukujua kwamba tayari pana jina. Hezekia alituonyesha pa kuchimba misingi na pa kuacha, maana babu zake wamelala hapo. Watoto wetu walimwita babu. Lakini jioni, baridi ikishuka na kila nyumba ikifunga mlango, alikula peke yake.

Sasa nyumba ya serikali hana budi kuirudisha. Wazee wa mtaa walimpa kiwanja. Alishukuru, kisha akaenda Makambako kumwuliza Tabea kama angekuja kukaa naye.

"Mimi nimezeeka huku," Tabea alimjibu. "Njoo wewe."

Amekubali. Mwenyewe anasema anaogopa kidogo, kwa kuwa wajukuu wanamjua kama mgeni wa likizo tu, na huko, nje ya watu wa Ihanga, hajui mlango wa mtu.

Bwana Hezekia, asante kwa maji, na asante kwa kutupokea mahali pa watu wako. Tunakuombea afya, amani na uzee usio wa peke yako. Kesho lori likifika, sisi jirani zako tutakuja kukupakilia mizigo, ingawa umesema ni michache na unaiweza mwenyewe.