Chupa za Pili za Bi Chumvi

Dada yetu alizaliwa Jumamosi tarehe 14 Machi 1953, saa kumi na moja alfajiri, katika chumba cha nyuma cha nyumba ya baba yetu, fundi saa, akiwa mtoto wa pili kati ya watano. Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1960 hadi 1966, sekondari hadi 1972, na mwaka 1975 alipata cheti cha ufundi wa maabara, akiwa mwanamke pekee darasani.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa na taasisi ya utafiti wa bahari, alikofanya kazi hadi alipostaafu mwaka 2013, kazi yenyewe ikiwa kupima chumvi katika maji yanayotekwa kwenye vilindi vya bahari za barafu, ndiyo maana wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Chumvi.

Mwaka 1978 friza la maabara liliharibika, akaitwa fundi wa majokofu, ambaye ni shemeji yetu aliyeketi hapa mbele, wakafunga ndoa tarehe 8 Desemba 1979, wakajaliwa binti mmoja na mwana mmoja. Mama mkwe wake, aliposikia kwamba mkwewe anaondoka miezi mitatu kwenda kupima chumvi, alisema, "Mimi naonja kwa ulimi, na sijawahi kupanda meli." Dada hakubishana naye, aliweka bakuli la maji ya chumvi ndani ya friza, baadaye akamwonjesha barafu iliyoganda juu, kisha maji yaliyobaki chini, na mama akayatema kwenye sinki. Akaelezwa kwamba baharini ni hivyo hivyo, maji yakiganda huiacha chumvi nje, upepo huisukuma barafu ile mbali, nyingine huganda pale pale, na maji yanayobaki, yenye baridi kali na chumvi nyingi, huwa mazito, huteremka hadi sakafu ya bahari na kutambaa huko miaka mingi mpaka chini ya bahari za joto, yakiwapelekea oksijeni viumbe wanaoishi gizani. Mama alifikiri, akasema, "Kumbe ni kazi."

Mwaka 1994 dada alikosea, na tunalisoma hilo kwa sababu yeye mwenyewe aliagiza lisirukwe. Katika safari ya mwaka huo hakufuta shingo za chupa kwa kitambaa kabla ya kuzifungua, chumvi iliyokauka pale ikadondokea ndani, maji yakasomeka kuwa na chumvi kuliko yalivyokuwa, mkuu wa maabara akafurahi na kuandika ripoti. Baada ya miezi minne dada aligundua kosa, akaandika barua tarehe 19 Septemba, ripoti ikaondolewa, naye akaondolewa melini kwa miaka sita, akabaki kuosha chupa. Sote tunajua kutia chumvi maana yake nini, na wenzake hawakuiachia nafasi hiyo, mkuu mwenyewe akimtambulisha kwa wageni kuwa ndiye mtaalamu wao wa kutia chumvi, naye akijibu, "Bosi, wengine hutia kwa mdomo, mimi nimetia kwenye chupa."

Alirudi melini mwaka 2001, na vipimo vyake vikaanza kuonyesha kwamba chumvi ya maji ya chini inapungua safari hadi safari, tofauti ikiwa kwenye tarakimu ya tatu baada ya nukta. Alieleza kwamba barafu ya nchi kavu inayeyuka na kumwaga maji yasiyo na chumvi pale maji mazito yanapotengenezwa, na kwamba yakizidi kuwa mepesi yatateremka machache. Hakuaminiwa. Mkuu alisema mara ile aliongeza, sasa anapunguza. Kwa hiyo katika kila safari, kumi na mbili kwa jumla, dada aliteka chupa tatu za pili, za maji yale yale aliyoyapima na kuyaandika katika daftari lake, akaziziba midomo kwa moto, zikawekwa stoo bila kufunguliwa, akisema atakayezipima asiwe yeye wala mtu aliyefundishwa naye.

Novemba 2022 aligundulika kuwa na saratani ya utumbo, akatibiwa, akapata nafuu, akaugua tena. Aprili mwaka huu taasisi ilikubali barua yake ya tatu ya kuomba chupa hizo zipimwe, ikazipeleka chupa zote thelathini na sita katika maabara nyingine. Akiwa kitandani aliulizia majibu kila siku, hata daktari wa zamu ya asubuhi akawa kila akiingia anasema kabla ya salamu, "Bado, mama." Alifariki Alhamisi tarehe 6 Juni 2024, saa nne na dakika kumi asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono, majibu yakiwa hayajafika.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba tano, majirani waliotuletea viti na kupika chai tangu Alhamisi, na wafanyakazi wenzake waliosafiri kuja kumzika. Dada, kazi umeimaliza, lala salama.

Mkuu wake wa zamani, ambaye yuko nasi hapa, ametuomba tuisome karatasi iliyofika leo, Jumatatu tarehe 10 Juni, saa mbili na robo asubuhi. Chupa moja ilikuwa na ufa na haikupimwa. Thelathini na tano zimepimwa, na zote zimelingana na daftari lake.