Fundi Cheche, Aliyewakalisha Pamoja Vijana wa Pande Mbili za Daraja

Marehemu kaka yetu, ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi Cheche, alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika chumba kimoja nyuma ya stesheni ya reli. Alikuwa mtoto wa tatu wa baba mpakia mizigo na mama mshonaji. Anayesoma hapa ni mdogo wake wa kike. Nikikwama, mnivumilie.

Alisoma shule ya msingi jirani na nyumbani hadi mwaka 1975. Hesabu ilimkubali, imla ilimkataa katakata. Alihitimu uchomeleaji katika chuo cha ufundi mwaka 1979, na miaka michache baadaye akafungua karakana yake kando ya daraja, pale mlipozoea kupita mmefumba macho kwa mwanga wa cheche zake.

Wifi yetu alimpata kwa sababu ya mlango. Kaka alimtengenezea mlango wa saluni yake, naye wifi akaja juu: "Fundi, mlango wako unalia kuliko mtoto mchanga!" Kaka akaenda kuupaka grisi. Akarudi tena. Aliporudi mara nyingine, wifi akamuuliza, "Hivi unafuata mlango au unanifuata mimi?" Akajibu, "Mlango ulishapona siku nyingi." Walifunga ndoa Agosti 1988, wakajaliwa binti mmoja na wavulana wawili.

Zamani alitengeneza vitanda, meza na bembea za watoto. Kuanzia mwaka 2012 hivi, watu walitaka nondo za madirisha tu. Vijana walikuwa wameugawana mtaa, hawa upande huu wa daraja, wale upande ule, kwa mapanga na baadaye bunduki. Biashara ilimwendea vizuri, naye aliichukia. Alisema, "Nawafungia ndani watu wema, halafu wahuni wanapita nje wananisalimia."

Aliongoza wazee kwenda kituo cha polisi. Mkuu wa kituo akawaambia, "Tuleteeni majina." Kaka akamjibu, "Afande, aliyeleta majina mwaka jana tulimzika." Waliambiwa wasubiri. Walichosubiri kikaja: malori ya askari, msako wa nyumba kwa nyumba, kila kijana chini ya ulinzi. Kitindamimba wake alikamatwa akitoka kazini, amevaa sare ya kiwanda cha mikate. Alirudi hana meno ya mbele. Wenye bunduki walikuwa wamepata habari mapema, wakaondoka. Malori yalipoondoka, wakarudi.

Kisha serikali ikatujengea kituo kidogo cha polisi. Mheshimiwa alikuja, utepe ukakatwa, picha zikapigwa. Askari wakakaa msimu mmoja, wakahamishwa. Hadi leo kina kufuli.

Kaka hakusubiri tena. Mwaka 2020 alianza kuwaita vijana wa pande zote mbili karakanani, mmoja mmoja, hadi wakakubali kukaa pamoja. Waliacha silaha nje. Miezi mitano hatukuzika mtu. Kaka akaenda mwenyewe kumweleza mkuu wa polisi wa wilaya, akamsihi: "Afande, wamekubali kuongea. Naomba msije." Akaahidiwa. Kikao kilichofuata, askari wakaizingira karakana, wakawapakia kwenye gari wote waliokuja kuongea. Wale wasiotaka amani hawakuwapo, hivyo hawakukamatwa. Jioni ile taarifa ya habari ilisema operesheni imefanikiwa.

Mtaani wakasema Fundi amewauza vijana. Wengine wenu hapa mlisema hivyo. Aliniambia, "Dada, hata ingekuwa mimi, ningeamini hivyo hivyo." Sikuwahi kumwona ameshindwa namna ile.

Tarehe 3 Februari 2021 pande hizo zilipigana tena darajani, na risasi ikampata kaka nyongani akiwa anafunga karakana. Tulipiga simu kituo kikubwa cha polisi. Tukaambiwa gari halina mafuta. Jirani muuza mboga alimpeleka hospitali kwa mkokoteni. Alifanyiwa upasuaji mara mbili, lakini kidonda hakikufunga, na mwishowe sumu ikaingia kwenye damu. Alifariki tarehe 9 Juni 2022, mkewe akiwa amemshika mkono. Nani alipiga risasi ile, hatujui. Kila tukiuliza, faili linashughulikiwa.

Ameacha mjane, watoto watatu, wajukuu wanne, na sisi ndugu zake wanne.

Jana walikuja nyumbani vijana wa pande zote mbili, wakaomba wachimbe kaburi. Wifi akakubali. Ndio hao waliosimama na makoleo, bila silaha, wametuamini. Waheshimiwa mliokuja na magari yenu, tumesikia mmetangaza operesheni nyingine kwa heshima ya marehemu. Familia haiitaki. Tunaomba kitu kimoja tu: tukimaliza hapa, waacheni vijana hawa wafike makwao.

Mungu ampe kaka yetu amani tuliyomnyima akiwa hai.