Mistari Mitatu ya Alfani

Kijiwe chetu pale Newala kiko kando ya njia ya kutoka bondeni, mbele ya cherehani ya Fikirini, ambaye tunamwita Gazeti kwa sababu habari huanzia kwake hata kama haijatokea. Mwaka huo kilimo cha karanga kilikuwa kimeshawashinda Wazungu kule Nachingwea, mvua zilichelewa, na wanafunzi wawili wa Makerere, Silvesta na Helena, watoto wa Masasi, walikuwa wamekuja kwetu likizo. Wenzao wakija likizo huzunguka na tai shingoni wapate kusalimiwa. Hawa waliomba darasa shuleni, watoto wakishatoka, wakatufundisha sisi watu wazima kutunga habari zetu wenyewe. Asiyejua kuandika alisimulia, wao wakamwandikia, kisha wakamsomea neno kwa neno kwa heshima, kama wanasoma barua ya Mfalme. Niseme wazi, niliwapenda vijana wale. Asubuhi ya siku moja kabla ya kila mtu kusoma cha kwake mbele ya watu wote, Alfani alifika kijiweni na daftari lake, kahawa hata hakuiangalia.

— Baba Mahmudu, kuna msiba? Gazeti akamuuliza.

— Hakuna. Nimeandika habari ya Mama Mahmudu. Nilitaka kesho asikie jina lake linasomwa kutoka kwenye karatasi.

— Soma basi.

Alfani akasoma akifuatisha kidole: "Mke wangu Mwanasha huamka alfajiri. Huteremka bondeni kuteka maji. Hupanda, hurudi nyumbani."

— Safi, akasema Dadi, ambaye jina lake la kijiweni ni Keya, maana alipigana Burma na jeshi la K.A.R. na mpaka leo hajarudi sawasawa. — Fupi kama amri.

— Silvesta aliisoma mara mbili, akasema Alfani. — Hakucheka, hakukata hata neno. Aliniuliza tu: "Mzee, kati ya kuteremka na kupanda kuna nini?" Nikamwambia kuna maji. Akasema ananingoja, hawezi kuamini saa zote zile ni maji matupu.

— Kijana ana akili, nikasema. — Amesoma vitabu vyote vile, na bado anataka kujua ya Mwanasha.

— Basi nisaidieni. Nina miaka ishirini na mbili na mke yule. Nikisimama kesho na mistari mitatu, ataona ndiyo yote niliyoyaona kwake.

Keya akaweka kikombe chini.

— Rahisi hiyo. Andika wanakwenda kwa mstari, koplo mbele, koplo nyuma. Wakifika kwenye mwinuko mkali inapigwa filimbi, wanapumzika dakika tano, madebe yanakaguliwa.

— Filimbi hiyo umeisikia wewe? Alfani akamuuliza.

— Sijaisikia. Lakini watu wengi hivyo hawawezi kupanda mlima bila filimbi.

— Wewe hujui kitu, akasema Gazeti. — Pale kwenye chemchemi kuna nyoka, mnene kama gogo la mkorosho. Kila mwanamke humtajia jina la mumewe ndipo anaruhusiwa kuteka.

— Nyoka anataka majina yetu ya nini? nikauliza.

— Anaweka orodha.

— Orodha ya nini?

— Hapo ndipo sijaambiwa.

Alfani aliandika nyoka, akamfuta, akamwandika tena.

— Kule chini wana baraza, akasema Keya, sauti ameipunguza. — Wana liwali wao na karani wao. Kesi zetu zote husikilizwa kule. Ninyi Jumanne mlikula nini?

— Kisamvu, nikasema.

— Kisamvu, akasema Gazeti.

— Mtaa mzima, nyumba kumi na nne. Amri hiyo ilitoka wapi?

Gazeti akajifuta jasho.

— Basi mimi nimeshahukumiwa. Wiki ya tatu hii napewa uji hauna chumvi.

Tukiwa katika hali hiyo, Helena akatokea njiani. Wanawake hawana desturi ya kusimama kijiweni kwetu, lakini yeye alisimama.

— Shikamooni, wazee wangu.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimepita kuwaarifu kwamba kesho tunaanza saa nane. Baba Mahmudu, umefikia wapi?

Alfani akamsomea filimbi, nyoka, na liwali wa bondeni. Helena alisikiliza mpaka mwisho, mikono ameifumbata, vilevile anavyotusikiliza darasani. Kisha akauliza:

— Na Mama Mahmudu mwenyewe anasemaje?

Keya akatazama ndani ya kikombe. Gazeti akainama kutunga uzi kwenye sindano ambayo tayari ilikuwa na uzi. Mimi nikakumbuka kwamba mke wangu anateremka mlima ule tangu nilipomwoa, na sijapata kumuuliza hata wanapumzika wapi. Niliona haya.

— Sijamuuliza, Alfani akasema mwishowe.

Helena akaitikia kwa kichwa. Aliaga taratibu akaenda zake, na hilo nalo nililiheshimu, maana wasomi wengi niliowajua wangebaki kutuhutubia.

Haikupita muda wanawake wakaanza kutokea ukingoni mwa bonde, mmoja mmoja, madebe kichwani, shingo zimesimama wima. Hawakuwa na koplo. Mwanasha alikuwa wa nne. Alfani akainuka, akasimama katikati ya njia na daftari na penseli.

— Mama Mahmudu.

— Kuna nini?

— Huko njiani mnafanyaje?

Mwanasha akasimama. Maji yalikuwa yanacheza ukingoni mwa debe. Akaitazama penseli, akatutazama sisi kwenye benchi, akamrudia mumewe.

— Unauliza leo?

— Nauliza leo.

— Nitue kwanza, ndipo uandike.

Alfani akaweka daftari chini, akainua mikono yote miwili, asijue ashike wapi.

— Shika kwa chini, Baba Mahmudu, mkewe akamwambia. — Pole pole.